Kumuaga Pimamaji Kiume

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kumi na tisa ya kutosemeshana na Pimamaji. Nimeshikilia vizuri. Naye ameshikilia vizuri, lazima nikiri, ingawa wazo lilikuwa langu.

Leo tulikuwa na vioo vinane vya duka la viatu. Kila kimoja kirefu kuliko mlango. Kioo cha namna hiyo hubebwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, na kazi nzima inategemea maneno manne: inua, kulia, kushoto, shusha. Mimi na Pimamaji tumebeba hivyo miaka kumi na miwili. Sasa tunakohoa. Kikohozi kimoja, inua. Viwili, shusha. Kulia na kushoto bado hatujazipatia kikohozi chake, kwa hiyo tunatumia macho, na macho yenyewe hatutaki yakutane. Tuliizunguka nguzo ya karakana mara mbili na kioo mikononi. Bosi akatoka ofisini kutuuliza kama tuna mafua. Tukajibu hapana, wote wawili, kwa pamoja. Nikachukia sana tulivyojibu pamoja.

Niandike tena kosa lake, lisije likasahaulika. Nilikuwa napiga rivasi, naingiza pikapu ya karakana getini. Pimamaji akaja nyuma akaanza kupunga mikono. Njoo, njoo, kata kushoto. Nani alimwomba mikono? Mwanaume anayepiga rivasi haelekezwi. Anaachwa yeye na Mungu wake. Basi kwa kuwa alisema kushoto, nikakata kulia. Nguzo ya geti ilikuwa kulia. Hiyo si hoja. Hoja ni kwamba alikuja akafungua mlango wa dereva, mbele ya Bosi, mbele ya wateja wawili na yule fundi alumini wa karakana ya jirani, akasema, "Nilikuambia. Sogea nikusaidie." Nami kwa mshtuko nikasogea. Akaliingiza gari mara moja tu, bila kugusa kitu.

Mtu anaweza kukutukana ukamsamehe. Anaweza hata kuharibu ngazi yako. Lakini kukutoa kwenye usukani watu wakiangalia! Jioni ile nilimwambia asinisemeshe tena. Nikamwambia pia kwamba miaka yote hii nimembeba yeye, si vioo. Hilo la pili lilitoka lenyewe. Alikuwa ameshika kile chombo chake cha kupimia usawa, hicho kilichompa jina, maana hata akija kula kwako anakiweka kwanza juu ya meza yako aone kama imenyooka. Alikiangalia kwa muda, kisha akakitia mfukoni akaenda zake.

Jioni hii mke wangu, huku anakata vitunguu: Pimamaji anahama. Jumamosi. Amepata usimamizi wa karakana katika mji mwingine, safari ya siku nzima. Nikamuuliza amejuaje. Ameambiwa na mke wa Pimamaji. Kumbe wanaongea kila siku! Nikamkumbusha kwamba nyumba hizi mbili zimenuniana. Akasema yeye hajanuniana na mtu.

Kisha akaweka kisu chini. "Baba watoto, nenda ukamwombe msamaha. Ni neno moja." Nikamweleza kwamba mambo ya wanaume si mepesi hivyo. Akauliza uzito uko wapi. Nikaenda kuoga.

Pimamaji anahama. Nimeandika hapa nione linavyokaa. Limekaa vibaya.


Jumanne, 5 Machi

Kwa Kinyozi. Nywele zenyewe hazikuwa zimekua, lakini mwanaume haendi kutafuta ushauri. Anakwenda kunyolewa, halafu anasimulia habari za rafiki yake fulani.

Nikasimulia habari za rafiki yangu fulani aliyemtamkia mwenzake neno lisilofaa, na sasa mwenzake anahama. Kinyozi akauliza kama huyo rafiki ndiye aliyegonga geti. Nikasema hapana, ni mwingine, hamjui. Benchi zima likasema ahaa.

Kinyozi ndiye hakimu wetu wa mambo haya, ingawa hakuna aliyemteua na sheria zenyewe hazijaandikwa popote. Akazima mashine ili atoe hukumu. Mwanaume haombi msamaha kwa mdomo. Akiomba leo, kesho ataombwa aeleze anajisikiaje, na keshokutwa atakuwa anatembea na leso. Dawa ni kazi. Mnashika kazi nzito pamoja, mnatoka jasho, mnakunywa maji ya jagi moja, yamekwisha. Jasho linafuta kila kitu.

Mzee mmoja kwenye benchi akaunga mkono. Yeye na kaka yake waligombana, wakaenda wakachimba kisima pamoja, siku sita, bila neno. Nikauliza walipatana? Akasema hana hakika. Hawakuwahi kulizungumza, na kaka yake sasa ni marehemu.

Mfano mzuri sana. Nimetoka pale na kichwa cheupe na mpango kamili. Ninahitaji kazi nzito ya watu wawili, nyumbani kwangu, kabla ya Jumamosi.


Jumatano, 6 Machi

Nimevunja dirisha la sebuleni.

Si dirisha dogo. Lile kubwa la mbele, mita mbili kwa moja na nusu, ambalo mtu mmoja hawezi kulitia kioo. Nilisubiri mke wangu atoke kwenda dukani. Nikapiga kwa mpini wa fagio. Halikuvunjika. Nikapiga tena. Wapi! Nilijivunia kidogo hapo, maana kioo kile tulikiweka mimi na Pimamaji na kazi yetu haina mchezo. Ilibidi nichukue mchi.

Mke wangu aliporudi nikamwambia ni ndege. Akauliza ndege gani. Nikasema sikumwona vizuri, alikuwa na haraka. Akaangalia vipande, akaangalia mchi uliokuwa bado mkononi mwangu, akaniambia ndege huyo afagie.

Karakana nikajipanga hatua tatu kutoka alipokuwa Pimamaji, nikamsimulia fundi alumini kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja. Dirisha langu limevunjika! Lile kubwa! La kubeba watu wawili! Fundi alumini akasema pole, tena nisipige kelele, yeye yuko hapa hapa. Lakini Pimamaji alisikia. Aliacha kupima. Akaweka futi yake juu ya meza, akafungua mdomo. Nawaapia, aliufungua.

Na Bosi naye akasikia. Mwanamke huyu aliachiwa karakana na marehemu baba yake, na roho ya kusaidia watu akaachiwa pia, kwa bahati mbaya. Akasema, "Kaka, kata kioo, chukua pikapu. Nenda na yeyote unayemtaka."

Yeyote ninayemtaka! Yaani nisimame katikati ya karakana, nimtaje mwanaume mwenzangu kwa jina, niseme namtaka huyu? Mbele ya fundi alumini? Nilitegemea aseme nenda na fulani, mimi nikunje uso, nikubali shingo upande. Hivyo ndivyo mambo yanavyofanyika. Nikajikuta nasema nitakwenda peke yangu. Bosi akasema kioo cha mita mbili. Nikasema peke yangu. Pimamaji akafunga mdomo akachukua futi yake.

Kioo kimewekwa. Mke wangu ndiye aliyeshika upande wa pili. Alivaa glavu za Pimamaji zilizokuwa ndani ya pikapu, zikamkaa vizuri. Na alisema njia nzima bila aibu yoyote: taratibu, kuna ngazi, upande wako juu kidogo, ngoja nimechoka, tupumzike. Tulipumzika! Robo saa kazi imekwisha, na kioo kimenyooka. Akavua glavu akauliza ni hiki tu ndicho tunachojidai nacho miaka yote.

Sijatoka jasho hata tone.


Alhamisi, 7 Machi

Mpango wa pili hauhitaji jasho. Kumtembelea mgonjwa ndiyo ziara pekee ambayo mwanaume anaweza kwenda kwa mwenzake bila kisingizio kingine. Kwa hiyo ninaumwa.

Nilikaa kitandani alfajiri yote nikichagua ugonjwa. Mafua ni ya watoto. Tumbo linachekesha watu. Kichwa ni cha wasomi. Nikachagua mgongo. Mgongo una heshima, maana kila anayesikia anajua uliutumia. Tatizo ni kwamba mwanaume hasemi anaumwa. Inabidi mtu mwingine amsemee, naye akatae. Nikamwomba mke wangu ampigie mke wa Pimamaji, amwambie mgongo umenilaza ila mimi mwenyewe nabisha.

Akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na anayebuni maradhi je, huumbuliwa na nani? Lakini alipiga. Alipiga haraka mno. Sikuipenda ile haraka.

Saa saba mchana, wakati wa mapumziko ya kazini, nikasikia pikipiki. Nikajilaza. Nikakunja uso. Akaingia mke wa Pimamaji, na machungwa. Peke yake. Nikauliza kwa sauti ya mtu asiyejali amekuja na nani. Akasema amekuja na mwenzangu, yuko nje, anaangalia tairi.

Huyu shemeji yangu hana dogo. Akakaa kwenye kiti akanieleza kila kitu, bila kuulizwa, kama vile si siri za mume wake. Kwamba asubuhi alipopata habari aliuliza mara tatu kama maumivu yako juu ya kiuno au chini. Kwamba siku hizi nyumbani anapima usawa wa maboksi yaliyokwisha fungwa. Kwamba hataingia, kwa sababu mwenye nyumba alimwambia asimsemeshe, na yeye mtu akimwambia jambo hulishika. "Shemeji," akasema, "lile neno la kumbeba limemkaa."

Nikasema ehe.

Akangoja. Nikasema machungwa mazuri.

Walipokwenda jikoni, yeye na mke wangu, nikaamka kunyata hadi dirishani sebuleni. Alikuwepo. Amechutama karibu na tairi la mbele. Tairi zima kabisa, lina upepo wake wote. Dakika arobaini mtu anaangalia tairi juani! Nikamwonea huruma, halafu nikakasirika kwamba nimemwonea huruma. Ndipo akainua uso. Kioo kipya, hakina hata alama ya kidole. Tukatazamana ana kwa ana. Akainua mkono kidogo, hadi usawa wa mkanda.

Sasa fikiria hali yangu. Mtu wa mgongo, amesimama wima dirishani! Nikajitupa chini. Nilianguka juu ya pembe ya meza ndogo, mgongo ukalia ko. Nikalala pale sakafuni nikisikia shemeji anaaga jikoni, pikipiki inawashwa, inaondoka.

Mgongo unauma kweli sasa. Chini ya kiuno. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, wanasema. Ndala zangu ziko uvunguni tangu mchana na zitabaki huko huko.


Ijumaa, 8 Machi

Siku ndefu. Niandike kwa mpangilio.

Bosi aliandaa chai ya kumuaga Pimamaji, saa kumi, karakana. Kazi ilisimamishwa toka asubuhi, meza ya kukatia ikafagiliwa na kutandikwa kitambaa. Aliniomba mimi niseme neno kwa niaba ya wafanyakazi, kwa kuwa ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi. Nikaona Mungu si Athumani. Hapa mtu anaweza kusema mambo, na ikawa ni hotuba tu. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili.

Kwa usalama nikazipitisha kwa Kinyozi. Akazisoma huku ananichonga ndevu. "Rafiki yangu" akafuta, akaweka "mwenzetu". "Nitakukumbuka" akasema thubutu. "Tutakukumbuka" kidogo ina unafuu, maana haijulikani nani hasa anakumbuka, lakini nayo bora iondoke. Palikuwa na sehemu kuhusu msiba wa baba yangu, jinsi Pimamaji alivyokuja akakaa nami siku nne, hakusema chochote, ila kila asubuhi alikuwa ameshachota maji. Kinyozi alisoma hapo mara mbili. Akasema hayo ni ya nyumbani, nayo akafuta. Palipokuwa na msamaha sikumwonyesha. Nilikuwa nimepafuta mwenyewe njiani.

Yakabaki maneno manane: Mwenzetu alikuwa mtu wa kazi. Tunamtakia safari njema.

Saa kumi. Nikasimama, kwa taabu, mgongo. Watu kimya, vikombe chini. Pimamaji amekaa upande wa pili wa meza, amevaa shati la pasi, anaangalia kitambaa. Nikasema, "Mwenzetu." Basi. Macho yakaanza kujaa, yote mawili, bila kuniuliza. Nikajikaza kisabuni. Yakazidi. Fundi alumini akawa ameinamisha kichwa ananichungulia usoni vizuri. Ilibidi niseme kitu, na kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa hiki: nimeingiwa na kioo jichoni.

Mimi ni fundi vioo. Nilipaswa kujua. Katika karakana yetu kusema kioo kimeingia jichoni ni sawa na kusema nyumba inaungua. Mwaka juzi Bosi alituletea mtu wa kutufundisha, siku mbili. Kwa hiyo Bosi akaruka kwenda kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Mwingine akafungua bomba. Na Pimamaji akapita juu ya meza. Juu, si pembeni. Buli likaanguka, kitambaa kikaondoka nalo. Akanishika shingo, akanikokota hadi kwenye bomba, akaniinamisha, akanifungua jicho kwa vidole viwili.

Miaka kumi na miwili hatujawahi kugusana zaidi ya kupeana mkono. Sasa pua yake ilikuwa juu ya pua yangu.

"Usifumbe."

"Sifumbi."

Akaangalia. Maji yalikuwa yananitiririka, mengine ya bomba.

"Sioni kitu," akasema.

"Angalia vizuri."

Akaangalia vizuri. Nyuma yetu Bosi alikuwa anauliza kama aite gari la wagonjwa. Pimamaji akashusha sauti.

"Hamna kioo humu, mzee. Leo hatujakata hata kimoja."

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Hakuna ambaye angelisikia, bomba lilikuwa linapiga kelele. Alikuwa ananingoja. Hakuuondoa mkono wake, na hakuangalia pembeni.

Nikasema, "Basi kiko kwenye la kushoto."

Akafungua la kushoto. Akaangalia muda mrefu sana. Kisha yeye mwenyewe akaanza kupepesa, akajifuta kwa mkono wa shati la pasi, akamgeukia Bosi akasema anadhani na yeye kimemwingia.

Bosi akatuandika katika daftari la ajali. Watu wawili, macho matatu, siku ambayo hakuna kioo kilichokatwa. Kisha akatupakia kwenye pikapu akatupeleka kliniki ya macho, akaendesha yeye. Daktari akatumulika kwa tochi, mmoja baada ya mwingine. Akauliza kama tumefiwa. Tukasema hapana, kwa pamoja. Akatupa dawa ya matone, kila mtu chupa yake.

Tulikaa kwenye benchi la kliniki nusu saa tukimsubiri Bosi, kila mmoja na pamba yake. Pimamaji akasema benchi limeinamia upande wake. Nikasema halijainama. Akatoa chombo chake akapima. Limeinama kweli. Nikasema labda ni sakafu. Akapima sakafu.

Maongezi yetu marefu kuliko yote kwa siku ishirini na tatu, na hakuna aliyeomba msamaha. Naona nimecheza vizuri mno.


Jumamosi, 9 Machi

Lori lilifika kwa Pimamaji saa mbili asubuhi. Mke wangu alikuwa ameshatangulia. Hakubeba kisingizio chochote. Aliingia tu, akamkumbatia mke wa Pimamaji mlangoni, wakalia wote wawili kweupe, bila kioo, bila vumbi, bila kumwambia mtu kwamba ni vitunguu. Majirani wanapita. Nilitazama pembeni kwa niaba yao.

Mimi nilikwenda kwa kazi maalumu. Meza ya kujipambia ya mke wa Pimamaji ina kioo kirefu, na vibarua wa lori hawajui kufunga kioo, watakilaza, nacho kioo hakilazwi. Nikafika nikasema nimekuja kuangalia kile kioo. Pimamaji akasema ehe, alikuwa anakifikiria. Tukakifungua kutoka kwenye meza yake, tukakifunga blanketi nusu, tukakishika. Akasema, "Inua." Nikainua. "Kulia kidogo." Nikaenda kulia. Sauti yake ile ile ya siku zote. Yeye alikuwa upande wa ubao, mimi upande wa kioo, kwa hiyo njia nzima nilijiangalia mwenyewe na jicho langu jekundu.

Baada ya hapo tukaongea kuhusu njia. Mimi nikashauri apite barabara ya juu. Yeye akaona ya chini haina malori mengi. Mimi nikasema ya chini ina mashimo. Tuliongea njia dakika arobaini, kwa utulivu, kwa heshima, na dereva wa lori akiwa amekaa pale pale, mtu anayepita barabara hizo kila wiki. Hakuulizwa. Kwa nini aulizwe?

Lori likawashwa. Mke wake ameshapanda mbele. Pimamaji akaja nilipokuwa nimesimama, akaegemea bodi, akaangalia viatu vyake.

"Mzee," akasema. "Ile siku ulisema umenibeba miaka yote hii. Ulimaanisha?"

Aliuliza kwa sauti ndogo. Sijawahi kumsikia akiuliza kitu hivyo. Na jibu nilikuwa nalo. Ni hapana. Si refu.

Nikasema, "Hiyo kamba imelegea."

Akageuka akaiangalia kamba. Haikuwa imelegea. Nikapanda gurudumu nikaikaza hata hivyo, kwa nguvu, mgongo ukinichoma, nikaongeza na fundo la pili. Nilipomaliza nikamwambia sasa itafika. Akasema haya. Akanipa mkono, akapanda, wakaondoka. Walipita barabara ya juu.

Alinielewa. Hilo nina uhakika nalo. Mke anaweza kukaa na mtu miaka mingi anataka maneno, maneno, maneno. Mwanaume unamkazia kamba naye anaelewa. Nilibaki pale barabarani muda mrefu kidogo, kuangalia kama kamba inashika.


Jumapili, 10 Machi

Siku ya kupumzika. Nimepumzika. Nimepanga bisibisi zote kwa ukubwa, nimekwenda hadi kona nikarudi, nimepima meza ya kulia kwa macho. Naona imeinama.

Saa tisa na robo simu ikaita. Ni yeye! Jina lake hapo kwenye kioo, kubwa.

Nilikuwa nimeishika mkononi tayari, lakini hilo halimhusu. Mwanaume hapokei simu kwenye mlio wa kwanza. Wa kwanza unamwonyesha mtu kwamba ulikuwa umekaa unamsubiri. Wa pili na wa tatu ni wa watu wasio na shughuli. Wa nne una wasiwasi. Mwanaume hupokea wa tano, kwa sauti ya mtu aliyeshuka kwenye ngazi. Nikahesabu. Mmoja. Miwili. Nikasafisha koo. Mitatu. Nikatayarisha "sema, mzee". Minne.

Ikakatika.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na taulo la vyombo. Akauliza kwa nini sijapokea. Nikamweleza kuhusu wa tano. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si la kawaida yake. Kisha akaenda kuongea na mke wa Pimamaji kwa simu yake, nusu saa, akarudi kunipa taarifa ambayo sikuiomba. Walifika salama. Nyumba ni nzuri. Karakana mpya ina watu kumi, na bado hajaona wa kubeba naye. Pimamaji amekaa nje barazani na simu. Mke wake amemuuliza kwa nini alikata mapema, naye akamjibu kwamba mwanaume hapigi zaidi ya milio minne, anaonekana anabembeleza.

"Alitaka kukuuliza jambo moja tu," mke wangu akasema. "Mpigie."

Nikamwambia haelewi. Nikipiga mimi sasa, nitakuwa nimepiga. Kama jambo lenyewe ni la maana atapiga tena. Akaniangalia namna ambayo sikuipenda, akanisogezea kiti kwa mguu wake, akarudi jikoni.

Kwa hiyo nimekaa. Upande huu sijasema neno, na upande ule hajasema neno, na hakuna anayeweza kunicheka mahali popote. Hata Kinyozi atakiri. Simu iko mapajani, chaji imejaa, sauti nimeipandisha hadi mwisho. Akipiga tena nitahesabu mpaka tano, asije akadhani nilikuwa namngoja.